Swali Lianzie Wodini: Ushauri kwa Daktari Anayetaka Kutibu na Kutafiti

Katika Hospitali ya Magunga, Korogwe, mkoani Tanga, wodi za wagonjwa na maabara ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ziko ndani ya eneo moja. Mwaka 2009 Korogwe iliingia katika jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S, pamoja na vituo vingine 10 katika nchi 7 za Afrika. Watoto walioandikishwa walikuwa 15,459. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo kwa watoto wanaoishi katika maeneo yenye malaria, na haikuwahi kupendekezwa chanjo nyingine ya malaria kabla yake. Sehemu ya ushahidi uliolifikisha shirika hilo kwenye uamuzi huo ilikusanywa hapa, katika mji wa mkonge, na watu waliokuwa wakipima homa za watoto usiku na mchana.

Nawaandikia wale walioingia shule ya udaktari wakiwa tayari na taaluma nyingine mkononi. Yupo aliyekuwa tabibu wa kituo cha afya kwa miaka kadhaa kabla ya kuomba nafasi ya MD. Yupo mteknolojia wa maabara aliyesoma slaidi nyingi bila kumwona mgonjwa mwenyewe. Yupo muuguzi, na yupo mwenye shahada ya kwanza ya biolojia au takwimu. Wengi wao wanataka mambo mawili kwa pamoja: kumtibu mgonjwa aliye mbele yao, na kutafuta jibu ambalo bado halijaandikwa kitabuni. Na wengi huambiwa kwamba umri umekwenda, wachague moja.

Ninaamini hawalazimiki kuchagua, ila kwa sharti moja: utafiti wao uzaliwe katika wodi wanayoifanyia kazi. Daktari anayetafuta swali la utafiti mbali na wagonjwa wake hujikuta na kazi mbili zinazogombea saa zilezile, na mwishowe moja huiua nyingine. Anayelitoa swali lake kwa wagonjwa wake ana kazi moja yenye sehemu mbili. Ushauri wote unaofuata unasimama juu ya sharti hilo.

Piga hesabu ya miaka kabla ya kuondoka

Tuseme ukweli kuhusu muda. MD nchini ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali. Ubingwa, yaani MMed, kwa kawaida ni miaka 3. Uzamivu ni miaka 3 au 4, na wengi huchelewa zaidi. Aliyeanza MD akiwa na umri wa miaka 28 atamaliza akiwa na 33 na kutoka utarajalini akiwa na 34. Asipopoteza hata mwezi kusubiri ajira au ufadhili, atakuwa bingwa akiwa na 37 na kumaliza uzamivu akiwa na 40 au 41. Katika maisha halisi kuna kusubiri ajira, kuna ruhusa ya masomo isiyotoka kwa wakati, kuna mtoto anayezaliwa na mzazi anayeugua.

Kwa hiyo usiipange safari yako kama ngazi ambayo lazima ukanyage kila kidato ndipo uanze kutafiti. Anza kutafiti ukiwa njiani. Ziko njia tatu zinazofaa, na kila moja ina gharama yake.

Njia ya kwanza ni kwenda kwenye ubingwa na kuifanya tasnifu ya MMed kuwa mbegu ya kazi yako ya baadaye. Kila mwanafunzi wa MMed anatakiwa kuandika tasnifu, na wengi huchagua mada iliyo rahisi kumaliza, wakaipitisha kwa watahini na kuisahau. Wewe uliyeanza baadaye huna nafasi ya kuitupa miaka hiyo. Chagua mada ambayo ungekubali kuishi nayo miaka 10, kisha chapisha ulichopata. Gharama ya njia hii ni kwamba masomo ya ubingwa yana zamu nyingi, na utafiti wako utabaki mdogo hadi umalize.

Njia ya pili ni kubaki daktari wa kawaida na kusoma uzamili wa epidemiolojia, takwimu au afya ya jamii, Moshi, Muhimbili au kwingineko, kisha uzamivu. Utafika haraka zaidi kwenye utafiti wa kujitegemea. Gharama yake ni kwamba katika hospitali nyingi asiye bingwa husikilizwa kidogo, na unaweza kujikuta ofisini siku zote bila kumgusa mgonjwa. Ukiichagua, weka masharti ya kubaki kwenye zamu tangu mwanzo.

Njia ya tatu ni kujiunga na mradi wa utafiti kama daktari wa mradi kwa mwaka mmoja au miwili kabla ya kuamua lolote. Utajifunza kwa vitendo jinsi jaribio linavyoendeshwa, na utajua kama kazi hii unaipenda kweli au uliipendea jina. Gharama yake ni mkataba unaokwisha, na mikono inayosahau mengine. Daktari aliyeona watoto wenye homa tu kwa miaka miwili atasitasita akiletewa mama mwenye uchungu pingamizi. Omba kwa maandishi ushike zamu chache za kawaida kila mwezi.

Kwa anayetoka utarajalini na hana uhakika, ningemwambia aanze na ya tatu kwa muda mfupi, kisha aende ya kwanza. Kwa mwenye miaka zaidi ya 35 aliyekwisha kufanya kazi ya maabara au takwimu, ya pili humfaa zaidi.

Taaluma yako ya kwanza ni mtaji

Watu wengi walioingia udaktari wakiwa watu wazima huificha kazi yao ya zamani. Hawapendi wenzao wajue kwamba walikuwa matabibu au wateknolojia. Huko ni kutupa kile kinachokutofautisha na wengine.

Mwaka 2004 jarida la BMJ lilichapisha utafiti ulioongozwa na Dkt. Hugh Reyburn katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Watafiti waliwafuata wagonjwa waliolazwa na kuandikiwa malaria, kisha wakawachambua 4,474 waliokuwa na dalili za ugonjwa mkali. Damu yao iliposomwa upya kwa makini, walioonekana na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 46 tu. Kilichouma zaidi ni vifo. Miongoni mwa waliokuwa na vimelea walifariki asilimia 6.9, na miongoni mwa wasio na vimelea walifariki asilimia 12.1. Wagonjwa waliokuwa na ugonjwa mwingine walikuwa wakipewa dawa ya malaria, na huo ugonjwa mwingine ukiendelea kuwaua.

Fikiria ni nani angeliona tatizo hilo mapema. Mteknolojia aliyeketi kwenye hadubini alijua kwamba majibu yake mengi ya "hakuna vimelea" hayakubadili dawa aliyopewa mgonjwa. Tabibu wa zamu alijua kwamba aliogopa kuiacha malaria kwa kuwa hakuwa na kipimo cha kitu kingine. Kila mmoja alikuwa na nusu ya swali. Mtu aliyepita sehemu zote mbili, akasoma slaidi na baadaye akalaza wagonjwa, analo swali zima. Kwa hiyo, ukiandika barua ya kuomba ufadhili au nafasi ya masomo, eleza kazi yako ya kwanza katika aya ya mwanzo, na useme wazi ilikuonyesha nini ambacho aliyetoka kidato cha sita moja kwa moja hakukiona.

Jinsi ya kulipata swali

Madaktari vijana huniuliza watafute wapi mada. Jibu langu ni lilelile: katika kile mnachokifanya kila siku bila kukihoji.

Wodi za Tanga zimefundisha somo hilo mara mbili. Kwa miaka mingi mtoto mwenye malaria kali alipewa kwinini, na kila daktari aliiamini. Jaribio la AQUAMAT, lililochapishwa katika Lancet mwaka 2010, liliwalinganisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, wakiwamo waliolazwa Magunga na Hospitali Teule ya Muheza. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, na waliopewa sindano ya artesunate walifariki asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake kwa watoto, na leo artesunate ndiyo dawa anayoikimbilia tabibu yeyote.

Somo la pili ni zito zaidi. Mtoto aliyeingia na homa kali na dalili za mzunguko dhaifu wa damu, viganja na nyayo vikiwa baridi, mapigo yakienda mbio, alikuwa anastahili dripu ya haraka kwa mujibu wa miongozo ya dunia nzima. Jaribio la FEAST liliwaandikisha watoto 3,141 katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, na hospitali ya Tanzania ilikuwa hiyo Teule ya Muheza. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 7.3 ya waliopewa maji taratibu, na zaidi ya asilimia 10 ya waliopewa maji mengi kwa haraka. Jambo lililofanywa kwa nia njema, lililoandikwa vitabuni, lilikuwa likiwaumiza watoto. Matokeo yalitoka mwaka 2011, na hadi leo hakuna daktari makini wa watoto anayefungua dripu ya mtoto wa aina hiyo bila kuyakumbuka.

Majaribio hayo yalikuwa makubwa na yenye fedha nyingi. Lakini kazi nyingine nzuri zilianza na karatasi na macho. Homa ya chikungunya ilielezwa kitabibu kwa mara ya kwanza na Dkt. Marion Robinson, aliyekuwa akitibu wagonjwa kusini mwa Tanganyika wakati wa mlipuko wa 1952 na 1953, na maelezo yake yakachapishwa 1955. Pale Mulago, Uganda, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyeanza chuo akisomea uhandisi kabla ya kuhamia udaktari, aliona watoto wenye uvimbe wa taya unaofanana, akaandika makala mwaka 1958. Alituma vipeperushi vyenye picha katika hospitali nyingi akiuliza kama nao wanauona ugonjwa huo, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari na wenzake wawili kuzipitia hospitali za Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara. Ramani aliyoichora kutokana na majibu hayo ilionyesha kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua. Saratani hiyo leo inaitwa kwa jina lake.

Basi chukua daftari dogo uliweke mfukoni mwa koti. Kila unapofanya jambo wodini kwa sababu tu ndivyo tunavyofanya hapa, liandike. Baada ya miezi michache pitia orodha hiyo na ulipime kila swali kwa mambo matatu. La kwanza, tukio hilo linatokea mara za kutosha? Ugonjwa unaoonekana mara mbili kwa mwaka hautakupa takwimu katika hospitali ya wilaya. La pili, jibu likipatikana, kuna mtu atabadili anachokifanya? Kama jibu lolote litaacha mambo yalivyo, liache swali hilo. La tatu, unaweza kulianza kwa vitu vilivyopo, yaani vitabu vya taarifa za afya vya MTUHA, majalada ya wagonjwa na mfumo wa kompyuta wa hospitali?

Swali lililofaulu mambo yote matatu lianze kama ukaguzi mdogo wa majalada. Usidharau kazi hiyo. Itakuonyesha kumbukumbu za hospitali yako zina mapengo gani, na mapengo hayo ndiyo yatakayokwambia utafiti wako mkubwa uandaliwe vipi. Yapo pia mafunzo ya SORT IT, yaliyoanzishwa 2009 na kuratibiwa na programu ya TDR ya Shirika la Afya Duniani, ambayo humchukua mfanyakazi wa afya na swali lake na kumwongoza hadi kwenye makala iliyo tayari kupelekwa jaridani. Yalibuniwa kwa ajili ya watu wenye kazi, na yanamfaa sana daktari wa wilaya.

Tafuta mtu wa takwimu kabla ya kukusanya chochote. Kazi nyingi za Korogwe zilisimama imara kwa sababu wataalamu wa takwimu kama Bruno Mmbando wa NIMR Tanga walikuwamo katika kupanga, sio katika kuhesabu mwishoni pekee. Ukimletea mtakwimu data mbovu, hawezi kukusaidia hata akikupenda namna gani.

Linda muda wako

Tatizo kubwa la daktari mtafiti wa wilayani ni saa. Wodi ikijaa, utafiti husubiri. Utafiti ukisubiri mara nyingi, hufa.

Zungumza na mganga mfawidhi mapema, na mkubaliane kwa maandishi. Omba siku moja kamili kwa wiki, sio saa mbili kila mchana. Saa mbili za mchana humezwa na mgonjwa wa dharura kila mara, ilhali siku kamili inaweza kupangiwa mtu mwingine kwenye ratiba. Mweleze mfawidhi hospitali itapata nini: labda mashine, labda mafunzo kwa wauguzi, labda taarifa atakazozitumia kwenye kikao cha wilaya. Kiongozi anayeona faida atailinda siku yako hata usipokuwapo. Na wewe ulipe deni hilo kwa kushika zamu za wikiendi ambazo wenzako wanazikwepa, kwa sababu hakuna kinachouharibu utafiti wodini kama wenzako kuhisi wanabeba mzigo wako.

Mradi ukikuhitaji kwa miaka kadhaa, pendelea kuazimwa kuliko kuacha kazi. Aliyeajiriwa na halmashauri aulize kwanza taratibu za kuazimwa kwenda taasisi ya utafiti, na apate barua kabla hajasaini mkataba wa mradi. Mishahara ya miradi huvutia, lakini ruzuku nyingi ni za miaka mitatu hadi mitano. Siku ikifika, mradi unafungwa, na aliyeacha cheo na michango ya pensheni anaanza upya akiwa na miaka 45. Hakikisha pia leseni yako ya Baraza la Madaktari Tanganyika inahuishwa kila inapotakiwa. Daktari asiye na leseni hai hawezi kuwa mtafiti wa kitabibu.

Kuhusu familia nitasema machache lakini nayamaanisha. Wewe uliyeanza baadaye huenda una mwenza, watoto, na wadogo unaowasomesha. Waonyeshe ile hesabu ya miaka kabla hujaanza. Mwenza aliyekubali akijua atasubiri, na aliyeshtukizwa hatasubiri.

Vibali na ridhaa

Utafiti wowote wa binadamu nchini unahitaji idhini ya kamati ya maadili, na NIMR, iliyoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1979, ndiyo yenye kamati ya kitaifa. Cheti chake kwa kawaida ni cha mwaka mmoja, kinadai taarifa ya maendeleo kila baada ya miezi sita, na matokeo hayachapishwi bila ruhusa yake. Wengi husoma cheti wakifurahia muhuri na kusahau masharti. Yaandike kwenye kalenda yako siku hiyohiyo. Jaribio la dawa au chanjo linahitaji pia idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Halafu kuna mganga mkuu wa wilaya na mkurugenzi wa halmashauri, ambao barua zao ni za lazima na ambao hukasirika kwa haki wanapousikia utafiti wako kwa watu wengine. Tangu ilipopitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, picha za majalada kwenye simu yako ni hatari kwako na kwa mgonjwa. Usizipige.

Vibali vyote hivyo havitoshi kama ridhaa si ya kweli. Hapa daktari mtafiti ana hatari yake pekee. Bibi aliyemleta mjukuu kutoka Kwamndolwa akikuona umevaa koti, ukimwomba ashiriki utafiti, atakubali. Anaogopa kwamba akikataa mtoto hatatibiwa vizuri. Kukubali kwa namna hiyo hakuna thamani, kimaadili wala kisayansi, kwa sababu atajitoa kimyakimya wiki ya pili.

Dawa yake ni kwamba anayetibu asiwe anayeomba ridhaa. Mpe kazi hiyo muuguzi aliyefunzwa, anayejua Kisambaa, Kizigua au Kibondei inapohitajika, na aanze na lililo zito zaidi kwa mlezi wa mtoto:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Pole na mgonjwa. Bibi, mjukuu ameshaanza dawa, na ataendelea kutibiwa hivyohivyo hata ukinikatalia hili ninalokuja kukuomba. Dokta hatakasirika. Unaweza pia kumsubiri baba yake mkashauriana."

Kisha ndipo aeleze utafiti wenyewe, na amwombe bibi arudie kwa maneno yake alichoelewa. Ukiona wote wanakubali bila hata mmoja kukataa, usifurahi. Rudi ukaangalie ridhaa inaombwaje.

Walimu, fedha na majina kwenye makala

Usitafute msimamizi mwenye jina kubwa tu. Tafuta wawili: mmoja aliye karibu anayekuona kila wiki, na mmoja wa mbali anayeijua dunia ya ruzuku na majarida. Korogwe imewahi kuwa na watu wa namna hiyo. Dkt. Martha Lemnge aliongoza kituo cha NIMR Tanga kwa muda mrefu. Dkt. John Lusingu alianza na vijiji kama Mkokola, Kwamasimba na Magundi, akilinganisha malaria ya bondeni na ya milimani katika makala iliyotoka 2004, na baadaye akawa miongoni mwa viongozi wa majaribio ya RTS,S. Njia yake inafundisha mpangilio sahihi: kwanza kuijua jamii na ugonjwa wake, kisha jaribio dogo, kisha kubwa. Hata chanjo yenyewe ilipita hivyo hapa. Kabla ya jaribio la 2009 lilikuwapo dogo la watoto 894 wa Kilifi, Kenya, na Korogwe, lililochapishwa 2008.

Ruzuku ya kwanza iwe ndogo, na uimalize kwa wakati na kwa hesabu safi. Wafadhili hukumbuka. Ukishakuwa na makala moja au mbili, angalia nafasi za EDCTP, ushirika wa Ulaya na Afrika ulioanza 2003, ambao umekuwa ukiwalipia watafiti Waafrika wanaoanza na walioendelea. Kubalianeni mapema, kwa barua, nani atakuwa mwandishi wa kwanza na data zitabaki kwa nani. Watafiti wengi wa kigeni ni washirika wema, lakini hata kwa mwema mambo yasiyoandikwa huleta ugomvi. Na usikubali kazi yako iishie katika kukusanya sampuli zinazosafirishwa. Dai nafasi ya kuchambua na kuandika, hata kama itabidi ujifunze usiku.

Kiingereza cha majarida kinawatisha wengi. Hujifunzwa kwa kuandika. Andika kurasa chache kila wiki, umpe mwenzako azikosoe, uzirudie.

Malipo ya subira

Kazi hii haina haraka. Toka jaribio la 2009 hadi pendekezo la 2021 ni miaka 12, na hapo katikati wapo watoto waliokua wakamaliza darasa la saba. Anayetaka kusifiwa mwaka huu ataumia. Lakini anayebaki huona mambo ambayo wachache huyaona. Watafiti wa Korogwe walipofuatilia kijiji kimoja cha bondeni, waliona watu wenye vimelea vya malaria wakishuka kutoka asilimia 78.4 mwaka 2003 hadi asilimia 13.0 mwaka 2008. Huko nyuma ya namba hizo kuna vyandarua, dawa bora, na watu waliorudi kijijini mwaka baada ya mwaka kupima.

Na maswali hayajaisha. Katika vijiji vya Korogwe na Handeni watafiti wamekwisha kuwafuata wanawake kabla hawajashika mimba, wakipima jinsi afya ya mama inavyounda afya ya mtoto tumboni. Shinikizo la damu na kisukari sasa viko katika kila foleni ya wagonjwa wa nje. Malaria iliyopungua inawaacha madaktari na homa ambazo hawazijui jina. Hayo yote yanamngoja mtu anayekaa wodini na anayejua kuhesabu.

Ukipata matokeo, yarudishe kwanza kwa waliokupa damu yao. Kaa nao kwenye ofisi ya kijiji, uwaeleze kwa Kiswahili chepesi ulichokipata na usichokipata, kabla hujapanda ndege kwenda mkutanoni. Kijiji kilichoelezwa kitakufungulia mlango tena. Kilichotumiwa na kusahauliwa kitamfungia anayekuja baada yako.

Daktari mwenzangu uliyeanza baadaye, umri wako hauna neno. Umeshajua kufanya kazi, kungoja, na kuongea na watu, na hayo shule haifundishi kwa miaka mitano. Zamu yako ijayo, chagua jambo moja mnalolifanya wodini bila kujua sababu, uliandike, na wiki inayofuata ulipeleke kwa mganga mfawidhi na kwa mtu mmoja wa takwimu. Hospitali zetu za wilaya zinawahitaji madaktari wanaotibu, na zinawahitaji vilevile wanaouliza. Kuwa wote wawili.